Mwana alimtii Baba tangu milele? Kisa cha 2016 na pengo lililoachwa wazi

Mwaka jana nilikuwa kwenye harusi moja huku Morogoro, mchungaji akafika kwenye somo la mume na mke, akasoma 1 Wakorintho 11:3, "kichwa cha kila mwanamume ni Kristo, na kichwa cha mwanamke ni mwanamume, na kichwa cha Kristo ni Mungu," halafu akamgeukia bibi harusi akamwambia binti yangu, usione utii ni kudharauliwa, hata huko mbinguni kabla dunia haijaumbwa Mwana alikuwa anamtii Baba, na ni Mungu sawasawa na Baba, kwa hiyo wewe ni sawa na mumeo lakini utamtii, mbingu zenyewe zimepangwa hivyo. Amina nyingi, vigelegele, kwaya ikasimama. Mimi nilibaki nimeganda kwenye kiti. Sio sababu ya mambo ya mume na mke, hayo leo nitayagusa kidogo tu, ni ile sentensi ya katikati. Kabla dunia haijaumbwa Mwana alikuwa anamtii Baba. Hiyo sentensi naijua ilikotoka.

Haijaanzia Morogoro jamani. Ina historia, ina watu wake na vitabu vyake, na mwaka 2016 ilizua moto kati ya walimu wa theolojia wa kiinjili kule Marekani, na cha kuumiza zaidi walikuwa watu wa kambi moja, watu waliokuwa wanaalikana kwenye makongamano na kunukuliana kwenye vitabu, mpaka neno uzushi likatajwa hadharani. Nimeamua kukiandika hiki kisa chote kwa kirefu kwa sababu naona matunda yake yameshafika madhabahuni kwetu, ila ule mjadala wenyewe haujafika. Tumepokea hitimisho bila kusikia kesi.

Tuanze nyuma kidogo. Mwaka 1977 mwalimu mmoja Mpresbiteri wa Marekani, George Knight III, aliandika kitabu kifupi kuhusu nafasi ya wanaume na wanawake katika Agano Jipya. Wakati ule makanisa mengi ya Magharibi yalikuwa yanabishana kama wanawake wawekewe mikono ya uchungaji. Hoja ya zamani kwamba mwanamke ni dhaifu wa akili, ambayo kwa aibu yetu wahubiri wengi walishaitumia huko nyuma, ilikuwa haiwezi tena kusimama mbele ya watu. Knight akaja na njia nyingine: mwanamke na mwanamume ni sawa kabisa kwa utu, tofauti yao ni ya majukumu tu, na akaegemea hiyo 1 Wakorintho 11:3, kwamba hata Kristo ana kichwa na haimpunguzii kitu. Mwaka 1987 likaundwa Baraza la Uanaume na Uanamke wa Kibiblia, kwa kifupi CBMW, chama cha kutetea uongozi wa mwanamume nyumbani na kanisani, na kati ya majina makubwa pale yumo Wayne Grudem. Huyu Grudem mwaka 1994 akatoa kitabu chake kinene cha theolojia ya utaratibu, kile ambacho hata huku utakikuta kwenye shelfu la mchungaji aliyesoma kwa Kiingereza. Ndani yake amefundisha kwamba Baba ana mamlaka juu ya Mwana tangu milele na Mwana anajitiisha tangu milele, sio tu alipokuja duniani, na akalinganisha hayo na mume na mke. Mwaka 1999 tume ya mafundisho ya Waanglikana wa Sydney nayo ikatoa ripoti yenye mwelekeo huohuo. Mwaka 2005 Bruce Ware wa chuo cha Wabaptisti wa Kusini kule Louisville, Kentucky, akaandika kitabu kizima juu ya Utatu akilisukuma wazo hili mbele zaidi.

Na sio kwamba hakuna aliyepiga kelele. Kevin Giles, Mwanglikana wa Australia, alishaandika kitabu cha kulipinga mwaka 2002, akaandika kingine 2006 na kingine 2012. Millard Erickson, mwanatheolojia Mbaptisti mzee na anayeheshimika, akaandika 2009. Oktoba 2008 ulifanyika mdahalo kabisa kwenye chuo cha Trinity karibu na Chicago, Grudem na Ware upande mmoja, Tom McCall na Keith Yandell upande wa pili. Lakini Giles alikuwa anaunga mkono wanawake kuwa wachungaji, basi watu wakasema huyo anatetea mambo yake tu, wakamfunika. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu na sisi tunalifanya kila siku, mtu akisema neno la kweli tunauliza kwanza yuko upande gani.

Ndo maana Juni 2016 ilikuwa tofauti. Aliyewasha moto alikuwa Liam Goligher, Mskoti aliyekuwa mchungaji wa kanisa la Tenth Presbyterian pale Philadelphia, aliandika makala mbili mtandaoni kwa mwaliko wa mwandishi mama wa nyumbani anaitwa Aimee Byrd. Goligher hakuwa mtu wa wanawake wachungaji hata kidogo. Alikuwa anaamini kama Grudem kuhusu uongozi wa kanisa. Ila akasema hawa ndugu wamejenga Mungu mwingine ili kutetea jambo ambalo Biblia inaweza kulitetea bila hiyo. Carl Trueman, mwanahistoria wa kanisa aliyekuwa chuo cha Westminster kulekule Philadelphia, akamuunga mkono, hoja yake kubwa ikiwa kwamba kama kuna kitu kinaitwa Ukristo wa kihistoria basi mwaka 381, mwaka wa baraza la Konstantinopoli lililokamilisha kanuni ya imani ya Utatu, una maana, huwezi kuuruka ukajiita mtu wa mapokeo. Ndani ya siku chache Grudem akajibu kwa orodha ndefu ya wanatheolojia wa zamani akisema nyie ndo wageni sio mimi. Ware akajibu. Mwanatheolojia Michael Bird wa Australia akawaomba wataalamu wa historia ya kanisa la karne ya nne, Lewis Ayres na Michel Barnes, watoe maoni yao, na wote wawili wakasema hilo fundisho sio la Nikea, lile baraza la mwanzo nitakaloligusa hapo chini. Mwisho wa mwezi Al Mohler, mkuu wa chuo alichokuwa anafundisha Ware, akatoka kusema Ware na Grudem sio wazushi na watu wapunguze ukali. Wiki nne tu hizo zote!

Sasa hapa nataka nikae, maana wengi wanaoisimulia hii ishu wanaishia kwenye nani kamwambia nani nini, na kiini kinapita.

Swali ambalo mababa wa kanisa, wale walimu wa karne za mwanzo, walikaa nalo karne ya nne ni rahisi kulisema na gumu kulijibu. Kama Mwana ni Mungu kamili sawa na Baba, uungu uleule mmoja sio wa kufanana tu, basi kinachomfanya awe Mwana na asiwe Baba ni nini? Ario, padri wa Aleksandria, alikuwa na jibu jepesi: Mwana ni kiumbe, mkubwa kuliko viumbe vyote lakini kiumbe, kuna kipindi hakuwepo. Baraza la Nikea mwaka 325 likakataa, likasema Mwana amezaliwa, hakuumbwa, ni wa uungu mmoja na Baba. Athanasio, askofu wa Aleksandria, akaitetea hiyo maisha yake yote na kufukuzwa mjini kwake mara tano kwa ajili yake, na Konstantinopoli mwaka 381 ikaikamilisha. Jibu lao ukiliweka kwa Kiswahili chepesi ni hili: Baba hatoki kwa yeyote, Mwana amezaliwa na Baba, Roho anatoka kwa Baba. Basi. Hakuna tofauti nyingine. Sio umri, sio cheo, sio nguvu, sio mmoja kuamuru na mwingine kupokea amri. Ni nani anatoka kwa nani, na huko kutoka hakuna mwanzo wala mwisho wala kupungukiwa. Yohana 5:26 ndo ilikuwa nguzo yao, "kama vile Baba alivyo na uzima nafsini mwake, vivyo hivyo alimpa na Mwana kuwa na uzima nafsini mwake." Soma taratibu. Uzima ambao Mungu peke yake anao, ule wa kutotegemea chochote, Mwana anao nafsini mwake, na anao kutoka kwa Baba. Vyote viwili kwenye sentensi moja.

Hilo neno kuzaliwa kwetu sisi lina uzito wake. Ukikulia Tanga au Mombasa au Kigoma, ukapita kwenye mhadhara wa dini jioni, utasikia likisomwa "hakuzaa wala hakuzaliwa," na jirani yako Mwislamu anakuuliza kwa nia safi kabisa, sasa nyie mnasema Mungu amezaa? Alioa lini? Wakristo wengi tunababaika, tunasema hapana hapana, Mwana ni lugha ya picha tu. Tunalikimbia neno kwa sababu hatujawahi kufundishwa maana yake. Mababa hawakulikimbia. Walisema ni kuzaliwa kusiko na mama, kusiko na wakati, kusiko na kabla na baada, kama nuru na mng'ao wake, hakuna dakika ambayo jua lilikuwepo bila mng'ao. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba aibu hii ya neno kuzaliwa sio yetu peke yetu. Hata kule Marekani walimu wakubwa walilikimbia, kwa sababu nyingine, na hapo ndipo kisa kinapoanzia hasa.

Sababu yao ilikuwa neno la Kigiriki monogenes, lile la Yohana 3:16 ambalo Biblia zetu zinasema "Mwanawe pekee". Zamani lilieleweka kama aliyezaliwa pekee. Karne ya 20 wataalamu wengi wakasema hapana, mzizi wake hauhusu kuzaa, unahusu aina, maana yake wa kipekee, wa namna yake, na wakatolea mfano Isaka, anaitwa monogenes kwenye Waebrania 11:17 wakati Ibrahimu alikuwa na Ishmaeli pia. Sasa Grudem baadaye akakiongezea kitabu chake cha 1994 kiambatisho kuhusu neno hili akapendekeza kwamba hiyo lugha ya Mwana kuzaliwa milele ingekuwa heri isitumike tena kwenye mafundisho ya leo. Ware naye alikuwa haioni kuwa na msingi wa Biblia. Hawakuikataa kwa ubaya, walikuwa wanajaribu kuwa waaminifu kwa maandiko, walisema kama haipo kwenye Biblia tusiibebe kwa sababu tu iko kwenye kanuni ya imani. Mimi naheshimu huo moyo.

Lakini angalia kilichotokea. Umeondoa kitu kimoja tu ambacho kilikuwa kinamtofautisha Mwana na Baba. Pengo limebaki. Na swali la karne ya nne halijaondoka, bado linagonga mlango: Mwana ni Mwana kwa nini? Ukiwa na pengo na una jibu lingine mfukoni ulilokuja nalo kutoka kwenye mjadala wa mume na mke, utalichomeka hapo hapo. Ndo ilivyokuwa. Grudem aliandika wazi kwenye kitabu hichohicho kwamba tukiondoa utii huu wa Mwana hatutabaki na tofauti ya nafsi tatu tangu milele. Nilipofika kwenye hiyo sehemu niliifunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Kwa sababu maana yake ni kwamba mamlaka na utii sio jambo dogo la pembeni kwenye mfumo huu, ndo linabeba Utatu wote. Ukilitoa, kwa hesabu yao, Baba na Mwana wanachanganyika.

Kwa hiyo mimi nasema tatizo la kisa hiki halikuwa Uario. Waliowaita Waario walikosea, Grudem na Ware wanamkiri Mwana kuwa Mungu kamili asiyeumbwa na wangekufa kwa hilo. Tatizo lilikuwa wamepoteza kuzaliwa, na utii ukakalia kiti chake.

Je, utii unaweza kukalia kiti hicho? Hapa kuna hoja mbili kubwa zilizopiganiwa, na ya kwanza ndo nzito zaidi kwangu. Mwaka 2015, kabla moto haujawaka, mwanatheolojia Glenn Butner aliandika makala kwenye jarida la Chama cha Theolojia ya Kiinjili, ETS, kuhusu mapenzi ya Mungu, mapenzi kwa maana ya kutaka, kuamua. Ili mmoja aamuru na mwingine atii lazima pawe na mapenzi mawili, ya huyu na ya yule, na ya pili yainamie ya kwanza. Mtu hawezi kujitii mwenyewe. Lakini kanisa limekiri siku zote kwamba Mungu ana mapenzi mamoja, kwa sababu mapenzi yanaenda na asili na asili ni moja. Na kuna historia ya damu hapa: karne ya saba walibishana kama Kristo ana mapenzi mamoja au mawili, mtawa Maksimo akakatwa ulimi na mkono kwa kusema ana mawili, ya Kimungu na ya kibinadamu, na baraza la Konstantinopoli la mwaka 680 hadi 681 likamkubali baada ya kufa kwake. Gethsemane ndo andiko lao, "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Walisema anayeinama pale bustanini ni Mwana kwa mapenzi yake ya kibinadamu, anainamia mapenzi ya Kimungu ambayo ni ya Baba na yake pia. Ukisema Mwana alikuwa anatii tangu milele kabla hajawa mwanadamu, umempa mapenzi mengine ya Kimungu tofauti na ya Baba, na hapo umoja wa Mungu unatikisika. Na kwetu tunaoishi na majirani wanaotuuliza kila siku kama tuna miungu mitatu hili sio jambo la kuchezea hata kidogo. Ware alijibu kwamba mapenzi ni mamoja ila kila nafsi inayatumia kwa namna yake. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi, naona linasogea karibu na mababa, lakini likisogea hivyo neno amri na neno utii yanabaki hayana kazi.

Hoja ya pili ni ya kutumwa. Watetezi wanasema Baba alimtuma Mwana, na alimtuma kabla hajazaliwa Bethlehemu, anayetuma ana mamlaka juu ya anayetumwa, kwa hiyo utii ulikuwepo tayari. Hii kwa masikio ya Kiswahili inaingia bila kubisha hodi, kwetu mkubwa ndiye anamtuma mdogo, mama anamtuma mtoto dukani, huwezi ukamtuma baba mkwe akuletee maji. Ukisikia "alinituma" umeshaona nani mkubwa. Lakini Agostino, askofu wa Hipo, huko Algeria ya leo, alilijibu hili miaka 1,600 iliyopita kwenye kitabu chake cha Utatu: kutumwa kwa Mwana kunatuonyesha anatoka kwa nani, hakutuonyeshi nani anamzidi nani. Mwana ndiye aliyetumwa na si Baba kwa sababu Mwana ndiye azaliwaye na Baba. Unaona tunavyorudi palepale? Ukiwa na kuzaliwa, kutumwa kunaeleweka vizuri tu. Ukikosa kuzaliwa, kutumwa kunageuka kuwa amri ya bosi. Agostino huyohuyo ndiye aliyetufundisha kuyasoma maandiko ya Yesu kwa Wafilipi 2, yapo yanayomsema katika namna ya Mungu na yapo yanayomsema katika namna ya mtumwa, na utii Paulo ameuweka upande wa mtumwa, "akawa mtii hata mauti." Waebrania 5:8 inasema ingawa ni Mwana alijifunza kutii. Ingawa! Kama utii ungekuwa ndio uwana wenyewe, mwandishi angesema kwa kuwa ni Mwana.

Na lile andiko la harusini, 1 Wakorintho 11:3, lenyewe lina kisa chake. Wapinzani wa Nikea walilitumia, kwamba kichwa cha Kristo ni Mungu basi Kristo yuko chini. Yohana Krisostomo, mhubiri maarufu wa karne ya nne, alipohubiri sura hiyo akawajibu kwamba kama Paulo angekuwa anataka kusema habari za kutawala na kutawaliwa asingechukua mfano wa mke, angechukua mfano wa mtumwa na bwana wake. Na Krisostomo sio mtu wa haki sawa za kisasa, aliamini mume ni kiongozi wa nyumba. Lakini aliona hatari ya kupandisha jambo la nyumbani mbinguni na akakataa.

Kuna andiko moja la watetezi ambalo lazima niliseme kwa haki, 1 Wakorintho 15:28, "ndipo Mwana mwenyewe naye atatiishwa chini yake yeye aliyemtiishia vitu vyote." Hili ni la mwisho wa dunia, sio la siku za mwili wake duniani, kwa hiyo huwezi kusema tu eti lilishapita. Mababa wengi walisema Mwana hajauvua ubinadamu wake na hatauvua, atabaki Adamu wa mwisho milele, na kama kichwa cha ubinadamu uliokombolewa anauleta ufalme kwa Baba. Sura nzima inazungumza Adamu na ufufuo, kwa hiyo naona usomaji huo una mashiko. Lakini mtu akiniambia hapo ndipo anapokwama namwelewa kabisa.

Turudi Marekani. Novemba 2016 ETS wakakutana San Antonio, Texas, mkutano wa mwaka, na mada yao kuu mwaka ule ilikuwa Utatu. Grudem, Ware, Giles na Erickson wakawa jukwaa moja. Na pale Grudem na Ware wakasema mbele za watu kwamba wamebadili mawazo, sasa wanakiri kuzaliwa kwa milele kwa Mwana. Kilichomgeuza Grudem ni kazi ya mtaalamu wa Agano Jipya, Charles Lee Irons, aliyelichambua upya lile neno monogenes kwenye maandishi mengi ya Kigiriki akaonyesha kwamba maana ya kuzaliwa ipo kweli, wataalamu wa karne ya 20 waliharakisha. Kazi hiyo ikatoka 2017 kwenye kitabu walichohariri Fred Sanders na Scott Swain.

Mimi hapo niliguswa. Mtu wa umri ule, ambaye kitabu chake kimesomwa na wanafunzi dunia nzima kwa zaidi ya miaka 20, anasimama anasema kwenye hili nilikosea. Huku kwetu ni mchungaji gani mkubwa umeshawahi kumsikia akisema hivyo kuhusu fundisho? Toleo la pili la kitabu likatoka 2020, na kuzaliwa milele kumo ndani.

Lakini utii wa milele nao umebaki humohumo. Na hapa ndo nina ugomvi naye, ugomvi wa heshima. Kama kuzaliwa kumerudi kwenye kiti chake, utii unakalia nini? Ile hoja ya 1994 ilikuwa kwamba bila utii nafsi hazitofautiki. Sasa zinatofautika, kwa jibu la Nikea. Sababu iliyoufanya utii uhitajike imekufa, ila wenyewe haujazikwa. Kilichobaki kuushikilia pale ni ule mfano wa mume na mke, na hilo ndilo jambo ambalo Goligher alilisema tangu siku ya kwanza, japo alilisema kwa ukali uliowafanya wengi wasimsikie. Angewapigia simu kwanza. Walikuwa ndugu.

Na upande wa pili nao wasifurahi sana. Wapo wanaotetea usawa wa wanaume na wanawake ambao wamefanya kosa lilelile kwa kugeuza tu shilingi, wanasema Utatu ni jumuiya ya nafsi zilizo sawa zisizo na mkubwa, kwa hiyo kanisa na nyumba ziwe hivyo. Mwaka 2000 Karen Kilby, mwanatheolojia Mkatoliki, alishaonyesha jinsi watu wanavyochukua kitu wanachokipenda, wanakipachika kwa Mungu, halafu wanakishusha tena kama vile wamekiokota mbinguni. Alikuwa anawasema watu wa usawa, ila ukimsoma unaona anatusema wote.

Paulo mwenyewe alipotaka mfano wa ndoa hakupanda kwenye Utatu. Waefeso 5 amechukua Kristo na kanisa, na mzigo mzito kamtwika mume, apende mpaka kujitoa. Hiyo ingetosha kabisa kwa bibi harusi wa Morogoro. Unaweza ukaamini mume ni kichwa, ukahubiri kwa andiko hilo, na usiguse hata nukta ya umilele wa Mungu.

Nilimtafuta yule mchungaji baada ya wiki mbili, nikamwambia shikamoo mchungaji, naomba nikuulize kitu cha siku ile ya harusi, nikamweleza yote haya kwa ufupi. Nilitegemea anifukuze. Alinyamaza kidogo, akasema mwanangu, hicho nilikisoma chuoni kwenye kitabu kinene, sikujua kama aliyekiandika amebadilisha kitu. Akaniuliza kama huko alikobadilisha ameshuka na kwenye mambo ya ndoa au amebadilisha ya Mwana tu. Nikamwambia ya Mwana tu. Akafungua Biblia yake Yohana 5, ile ya zamani yenye zipu, akaisoma aya ya 26 kwa sauti, akaisoma tena, akachukua kalamu akaweka alama pembeni.